Mbwa wako akianza kemo, usikatize dozi baada ya sindano ya pili

Uko na mbwa jike, na hii ni wiki ya tano unaona matone ya damu pale anapolala. Majirani wanakuambia ni joto tu, litaisha. Lakini damu ya joto huchukua wiki mbili, tatu hivi. Ikizidi hapo, au kama mbwa wako ni dume na anatoa damu sehemu za siri, mwangalie vizuri. Ukipata kinyama chekundu kinachofanana na koliflawa, kinachovuja damu kikiguswa, mpeleke kwa daktari. Huenda ni saratani.

Madaktari wa mifugo wanaiita TVT kwa kifupi, na ni saratani inayoambukizwa. Si virusi. Seli zenyewe za saratani ndizo huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wakipandana, wakilambana au wakinusana. Ndiyo maana wengine huota uvimbe puani na kutokwa damu ya pua. Wanasayansi waliochunguza jeni zake waligundua kwamba seli hizi zote, mbwa awe wa Nairobi au wa Brazil, zilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Yeye alikufa kitambo, kansa yake bado inatembea. Binadamu haimshiki, lakini mtaa ambao mbwa hawajahasiwa na wanazurura usiku kucha, inasambaa.

Sasa, watu wengi wakisikia neno kansa wanaamua mbwa adungwe sindano ya kumuua. Wengine wanamtupa mtaa wa pili, aende akaambukize huko. Na hii ni mojawapo ya saratani zinazosikia dawa vizuri kabisa. Mbwa wengi wakimaliza matibabu wanapona.

Dawa yenyewe ni vinkristini, ile ile inayotumika kwa watoto wenye saratani ya damu. Inatokana na ule mmea wa maua ya waridi wenye asili ya Madagaska, ambao hapa kwetu watu huupanda uani kama pambo. Kazi yake ni kuzuia seli kugawanyika. Kwa kuwa seli za kansa hugawanyika mbio mbio, ndizo huumia zaidi. Shida ni kwamba uboho ulio ndani ya mifupa, unaotengeneza damu, pia hugawanya seli kwa kasi, na utumbo vilevile. Dawa haijui tofauti. Hapo ndipo madhara hutoka.

Kwa kawaida mbwa hudungwa mara moja kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Na mtego uko katikati. Baada ya sindano ya pili uvimbe mara nyingi umeshapungua, damu imekauka, lakini mbwa ametapika na hataki chakula. Wewe nawe umeishiwa na doh. Unajiambia: kansa imeisha, dawa ndiyo inamuua sasa, wacha tuache. Usiache. Seli chache zilizobaki, hata kama huzioni, zinaweza kuota tena, na mara ya pili huenda zisisikie dawa kirahisi. Anayesema imetosha ni daktari baada ya kumpima.

Ukijua ratiba ya madhara hutababaika. Siku chache za kwanza baada ya sindano, mbwa anaweza kutapika, kuendesha, kufunga choo au kukataa kula. Mara nyingi hupita yenyewe, na daktari ana dawa za kutuliza. Kisha inakuja ile sehemu isiyoonekana kwa macho: ndani ya wiki moja hivi, seli nyeupe za damu hushuka. Hizo ndizo askari wa mwili. Zikipungua sana, hata kidonda kidogo kinaweza kugeuka balaa. Kwa hivyo daktari makini hupima damu kabla ya kudunga tena, na akikuta seli ziko chini anaweza kuahirisha sindano. Hajakuzungusha, anamlinda mbwa wako.

Usingoje asubuhi kama mbwa ana homa, amelegea hawezi kuinuka, anatapika bila kukoma, au miguu ya nyuma imeanza kuyumba. Nunua kipimajoto. Joto la kawaida la mbwa ni takriban 38 hadi 39.2, kwa hivyo usimlinganishe na wewe. Na tafadhali, usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni inaweza kumharibu tumbo na figo.

Nywele je? Tofauti na binadamu, mbwa wengi hawanyonyoki. Wale ambao nywele zao hukua bila kukoma, kama poodle, ndio hupoteza zaidi. Wengine hupoteza sharubu tu.

Kama mbwa wako ana damu ya collie au Australian shepherd, mwambie daktari mapema. Baadhi yao wana kasoro ya jeni inayofanya dawa hii ikae mwilini kwa nguvu kupita kiasi. Ni kasoro hiyo hiyo inayofanya ivermectin, ile dawa ya minyoo inayouzwa kwa agrovet, iwe hatari kwao.

Jambo lingine: vinkristini lazima iingie ndani ya mshipa. Ikimwagika nje ya mshipa, inachoma nyama na kuacha kidonda kibaya. Kwa hivyo jamaa wa mtaani anayekuambia atamdunga pajani kwa bei ya kutupa, mkatae. Uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya. Kwa walio Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama kule Kabete.

Nyumbani, jikinge pia. Kwa siku chache baada ya sindano, dawa hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Vaa glavu unaposafisha, funga uchafu kwa mifuko miwili, nawa kwa sabuni. Watoto na mama mjamzito wakae mbali na kazi hiyo.

Kabla hujaanza, uliza gharama ya safari nzima: sindano zote na vipimo vyote vya damu. Dozi hupigwa hesabu kwa ukubwa wa mbwa, kwa hivyo yule mkubwa hula dawa zaidi. Kama pesa hazitoshi, sema ukweli mapema mpangiwe. Wakati wa matibabu, mfungie ndani ya geti asipandane na yeyote, na ukimaliza mzungumze kuhusu kumhasi.

Tarehe ya sindano inayofuata, iandike kwenye simu leo na uweke alamu. Damu ikikauka ndipo utashawishika kusahau.