Mbu sugu wa Nyanza wanavyohesabiwa

Kila Desemba mabasi hujaa watu wa Kayole, Umoja na Dandora wakielekea Siaya, Busia na Homa Bay. Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na malaria yake ni haba. Huko waendako, ni ugonjwa wa kila msimu. Kwenye ploti utasikia watu wakisema neti siku hizi hazisaidii, mbu wamezoea dawa.

Hakuna mbu anayezoea. Anayegusa dawa hufa au hupona. Neti nyingi hutiwa pairethroidi, dawa za viwandani zilizoigwa kutoka kwa ua la pareto, ambazo huvuruga neva za mbu. Wachache huzaliwa na badiliko dogo la jeni linalozuia dawa kushika sawasawa. Hao hupona, hutaga, na kizazi kijacho huwa na wengi wa aina yao. Huo ndio uteuzi asilia, nao unapimika.

Tuseme kuna mbu 1,000, na 50 wana jeni hiyo: asilimia 5. Wenye jeni wanapona 80 katika kila 100, wasio nayo 40. Dawa ikishapita, watasalia 40 wenye jeni na 380 wasio nayo. Asilimia 5 imekuwa 9.5 kwa pigo moja.

Lakini kijijini hakuna awezaye kuwahesabu mbu wote; mtafiti hunasa sampuli. Akinasa 20 mwaka huu akakuta mmoja ana jeni, kisha mwakani akakuta wawili, asitangaze kwamba usugu umeongezeka maradufu. Ni mbu mmoja tu aliyezidi, na bahati pekee yatosha kumleta. Hapa ndipo takwimu inapookoa ukweli: inadai sampuli kubwa, miaka mingi, na ikiwezekana vijiji visivyo na neti vya kulinganishia.

Kenya ina mfano mzuri. Katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walifanya jaribio kubwa la neti zenye dawa huko Asembo na Gem, Siaya, eneo la Nyanza, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa asilimia 16 hivi. Mbu waliokusanywa eneo hilo kwa miaka walipochunguzwa, jeni ya usugu iliyokuwa adimu ilionekana karibu katika kila Anopheles gambiae, mbu aenezaye malaria, kufikia 2010.

Kuna mtego mmoja. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishiki kwa macho, na neti zilipoenea, gambiae walipungua, arabiensis wakachukua nafasi kubwa zaidi. Ukiwachanganya, utadhani jeni imebadilika kumbe ni mchanganyiko wa mbu uliobadilika. Ni lazima kila mbu apimwe DNA kwanza.

Kazi hii ya kuhesabu mbu sugu ina faida ya moja kwa moja. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza neti zenye dawa mbili, pairethroidi na klofenapiri, kwa maeneo yenye mbu sugu, baada ya majaribio yaliyofanyika Benin na Misungwi, Tanzania.

Ukisafiri Desemba hii, beba neti nzima isiyo na matobo, kwani hata ya zamani bado humzuia mbu kukufikia. Ukirudi Nairobi ukashikwa na homa, nenda ukapimwe malaria haraka na umweleze daktari ulikotoka.