Mtoto wa Kilo 40

Malango mengi ya Nairobi yana kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali", tangazo lenye kosa la upatanisho wa kisarufi lakini lisilo na utata wowote wa maana, na kwa wenye nyumba wengi maneno hayo mawili ndiyo sababu nzima ya kufuga mbwa. Kwa imani hiyo mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa, kama vile German Shepherd au Rottweiler, hununuliwa angali wa kupakatwa, hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa uani usiku, wala hafundishwi lolote, kwani hudhaniwa kwamba ulinzi ni jambo analozaliwa nalo. Akifikisha miezi minane au kumi, huku akiwaangusha watoto na kurarua nguo zilizoanikwa, wenyewe huchoka naye. Mwenye bahati hufikishwa kwenye kituo cha kutunzia wanyama, kama kile cha KSPCA, chama cha ustawi wa wanyama kilichoasisiwa mwaka 1910, na asiye na bahati huachwa barabarani.

Anayemchukua mbwa wa namna hiyo hudanganywa kwanza na macho yake. German Shepherd dume aliyekomaa huwa na kilo 30 hadi 40, na Rottweiler dume hufika kilo 50 hivi. Katika umri wa miezi kumi kimo chao huwa kimekaribia kutimia, ilhali tabaka za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa, ambako mfupa hurefukia, aghalabu hazijafunga hadi miezi 12 au hata 18, na akili nayo imo katika balehe, kipindi ambacho hata mbwa aliyefundishwa vyema husahau kuitika. Mbwa huyo anapomrukia mgeni kifuani hafanyi ujeuri, bali anarudia salamu ileile aliyoitoa akiwa na kilo tano, ambayo watu waliichekea na kuilipa kwa mapapaso. Kilichobadilika ni uzito, si nia. Kwa jirani Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, salamu moja ya aina hiyo inatosha kumwachia kazi kubwa kabla ya sala.

Zito zaidi ni lile ambalo mbwa hakuwahi kulizoea. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya 14 tangu kuzaliwa, mbwa hupitia kipindi cha mazoea, yaani muda ambao ubongo wake hupokea kwa wepesi watu, sauti na wanyama wageni na kuwahesabu kuwa sehemu ya kawaida ya dunia. Aliyekimaliza kipindi hicho bandani huiona bodaboda, mwavuli uliofunguliwa au mvua juu ya mabati kuwa hatari, hivyo kubweka na kukenua kwake, ambako mwenye kibao langoni hukuita ukali, mara nyingi huwa ni woga mtupu. Woga huo haumaliziki kwa kumkokota mbwa hadi kwenye kinachomtisha. Hupunguzwa kwa umbali: asimamishwe mahali anapoiona pikipiki lakini bado anakubali kula, apewe chakula kila inapopita, kisha asogezwe hatua chache baada ya siku kadhaa.

Mafunzo mengine hufuata njia hiyohiyo ya tuzo, ambayo ni kumlipa mnyama kwa tendo linalotakiwa badala ya kumchapa kwa lisilotakiwa, na yanategemea wepesi wa mkono kuliko ukubwa wa malipo. Mbwa anapovuta kamba njiani hadi kiganja cha mwenyewe kinawaka moto, mwenyewe asimame kama nguzo, asikaripie wala asivute. Baada ya muda mbwa atageuza kichwa kutazama kilichokwama, kamba italegea na kuning'inia, na papo hapo kipande cha ini kisichozidi ukucha kitoke mfukoni na safari iendelee. Ini likichelewa kwa sekunde kumi, mbwa atadhani amelipwa kwa kunusa majani. Siku ya kwanza hatua 50 zinaweza kula robo saa, na huo si uzembe wa mbwa.

Katika chakula wafugaji wengi hukosea kwa wema. Ugali na mchuzi hushibisha bila kutosheleza mahitaji ya protini, mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, na unga wa kalisi unaoongezwa ili mbwa awe na miguu imara unaweza kuipinda miguu hiyohiyo, kwa kuwa utumbo wa mbwa mchanga hauna uwezo mzuri wa kukataa kalisi iliyozidi. Unene nao huzidisha ulemavu wa nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika kikombe chake. Mlo ugawanywe mara mbili kwa siku, kwani mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hukabiliwa na hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda, dharura inayoua kwa saa chache. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa mtu karibu kila mara huishia kifo, haina mjadala.

Hubaki suala dogo ambalo huvuruga nyumba nyingi. Baba humwambia mbwa "keti", watoto humwambia "sit", askari wa usiku humwambia "kaa chini" huku akipiga rungu lake ukutani, na mbwa, ambaye kwake maneno ni sauti tu, huyaacha yote matatu yapite. Kabla hajaletwa, wakazi wote wa nyumba, pamoja na askari, wakubaliane neno moja.