Damu Hueleza Habari za Kansa ya Kongosho

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Hutoa maji ya kusaga chakula na huongoza sukari mwilini. Kansa ya kongosho hujificha. Wagonjwa wengi hugunduliwa imekwisha kuenea, na kuikata haiwezekani tena. Hapo mgonjwa hupewa dawa za kuipunguza nguvu. Dawa hizo ni kali. Atajuaje kama zinamsaidia au zinamchosha bure?

Fikiri juu ya mfereji wa mashamba ya mpunga hapa Chimala. Ukiona pumba zinaelea, wajua huko juu watu wanapura, ingawa huwaoni. Pumba zikipungua, wajua kazi imepungua. Kansa nayo ni hivyo. Chembe zake zikifa, huacha katika damu vipande vya vinasaba, yaani maelezo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe. Kwa wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 wa kansa hii, maelezo hayo yana kosa mahali paitwapo KRAS. Wataalamu hulitafuta kosa hilo katika damu. Vipande hivyo huondoka upesi, kwa saa chache tu; hivyo damu ya leo hueleza habari za leo. Vikipungua, huenda dawa inafanya kazi. Vikizidi, huenda kansa inaishinda dawa, hata kabla picha hazijaonyesha.

Wataalamu wa Ufaransa waliona vinasaba katika maji ya damu mwaka 1948. Katika miaka ya 2020, watafiti wa Muhimbili, Uganda na Oxford walijaribu kipimo cha namna hii kwa watoto na vijana wenye kansa ya tezi.

Lakini kipimo hiki hakiponyi. Kutoona vipande si kupona, maana uvimbe mwingine hutoa vichache mno. Tena kinahitaji mashine na wataalamu. Usitegemee kukikuta katika zahanati.

Wajibu wako ni huu. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai, kukonda, au maumivu ya tumbo yanayopenya mgongoni, usiseme umerogwa. Nenda zahanati mapema, upelekwe hospitali ya rufaa Mbeya. Ukianza dawa, muulize daktari: "Tutajuaje kama zinanisaidia?" Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa.