Habari Iliyokatika Njiani

Katika soko la Kachibora, Trans Nzoia, kama katika masoko mengine mengi ya chini ya milima ya Cherangany, gazeti huishi maisha mawili. Hufika likiwa habari, na baada ya siku kadhaa hugeuka karatasi ya kufungia. Ukinunua nusu kilo ya nyama au maandazi matano unaondoka na robo ukurasa wa Taifa Leo bila kuongeza senti. Maafisa wa afya hawaupendi mtindo huu, na wana haki, maana wino si kitoweo. Lakini wanaosoma vipande hivyo wanaijua starehe yake. Mkulima fulani, kipande kinasema, alihangaika misimu mitatu na shamba lisilozaa hadi siku moja alipogundua kwamba... hapo karatasi imechanika. Kugeuza upande wa pili, ni tangazo la kifo. Nyama inachemka jikoni, mawazo yako bado yamenasa kwenye mstari ule usio na mwisho.

Hali hiyo imepata wanasayansi wake. Mwaka wa 1994 George Loewenstein wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alieleza kwamba udadisi huzaliwa penye pengo kati ya unachokijua na unachotaka kukijua. Asiyejua lolote hasumbuki, na anayejua yote hana haja. Anayekosa usingizi ni aliyeonjeshwa nusu. Miaka 15 baadaye Min Jeong Kang na wenzake wa taasisi ya Caltech waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawauliza maswali ya chemsha bongo. Waliowaka udadisi zaidi ni wale waliokuwa na hakika ya wastani kuhusu jibu: si wajinga kabisa wa jambo hilo, si wajuzi. Na sehemu ya ubongo iliyoamka walipoonyeshwa swali, kabla ya jibu, ni mojawapo ya zile zinazoamka mtu anapotazamia zawadi, iwe chakula au pesa.

Kwa hiyo furaha ya kusoma huanza kabla ya jibu kufika. Mwaka wa 2014 Matthias Gruber na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walilifuatilia jambo hili kwa hila nzuri. Waliwauliza watu maswali, wakawangojesha sekunde 14 kabla ya kuwaonyesha jibu, na katikati ya kungoja wakapitisha picha ya sura ya mtu asiyehusiana kabisa na swali. Baadaye wakawajaribu. Majibu ya maswali yaliyowawasha yalikumbukwa kwa asilimia 71 hivi, ya yale yasiyowagusa asilimia 54. Hilo lilitarajiwa. Lililoshangaza ni sura. Zilizopitishwa wakati udadisi umepanda zilikumbukwa vizuri zaidi, hata siku iliyofuata, ingawa hakuna aliyeambiwa azikariri. Udadisi ukishafungua mlango, hata wapita njia huingia. Watafiti waliona njia za dopamini, kemikali inayotusukuma kutafuta, zikishirikiana na hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya.

Ndiyo maana nina shaka na ushauri tunaopewa kila Januari, kwamba anayetaka furaha aache habari mbaya na asome habari njema. Habari njema iliyokamilika, isiyoacha swali, hupita kama salamu za mwanasiasa mazishini. Kinachochangamsha ni swali lililobaki wazi pamoja na dalili kwamba jibu lake linapatikana.

Na siku hizi, kipande kikichanika, jibu haliko mbali. Kwa bando la bei ya chai na andazi mtu anaweza kuketi kwenye kibanda cha bodaboda akatafuta yule mkulima aligundua nini. Tatizo ni kwamba simu nayo inazijua hila za kutunasa, na si ya pengo tu. Mwaka wa 2023 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha uchunguzi wa vichwa vya habari 105,000 hivi vya tovuti moja ya Marekani iliyokuwa na tabia ya kujaribu vichwa tofauti kwa habari ileile. Kila neno hasi lililoongezwa katika kichwa cha urefu wa kawaida lilipandisha ubofyaji kwa asilimia 2.3. Neno chanya liliushusha. Waandishi wa vichwa walikuwa wameshalijua hilo bila utafiti.

Lakini kubofya ni jambo moja, kumtumia mwenzako ni jingine. Jonah Berger na Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichunguza karibu makala 7,000 za gazeti la New York Times, wakitazama zipi wasomaji walizituma zaidi kwa barua pepe. Matokeo yao ya mwaka 2012 yalisema makala zenye uchangamfu zilitumwa zaidi kuliko zenye huzuni, na kwamba mojawapo ya nguvu kubwa zaidi ilikuwa kustaajabu, yaani kusoma kitu ukabaki mdomo wazi. Hasira na wasiwasi pia vilisukuma watu kutuma, huzuni ikawazuia. Habari mbaya hukishika kidole, lakini unachompelekea shemeji yako kule Bungoma ni kile kilichokustaajabisha, labda kwa sababu tunapotuma tunachagua pia tuonekane watu wa namna gani.

Kabla ya bando na tovuti, hata hivyo, kuna jambo kubwa zaidi tunalolisahau kwa kulizoea: kwamba alama nyeusi juu ya karatasi zinaweza kumsemesha mtu. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 na kitu. Muda huo ni mfupi mno kwa mwili wa binadamu kujijengea kiungo cha kusomea. Stanislas Dehaene, Mfaransa aliyeshughulika na swali hili kwa miongo, anasema ubongo huazima. Huchukua eneo lililokuwa likitambua sura na vitu, upande wa kushoto, chini kuelekea kisogoni, ukalifundisha herufi. Mwaka wa 2010 yeye na wenzake walilinganisha watu wazima 63 wa Brazil na Ureno: 10 wasiojua kusoma, 31 waliojifunza utotoni, na 22 waliojifunza ukubwani. Waliojifunza ukubwani walikuwa wamebadilika pia. Eneo la herufi lilikuwa limewaka kwao, na maneno yaliyoandikwa yaliamsha mtandao uleule wa ubongo unaoshughulikia maneno yanayosikika.

Sisi wa magharibi mwa Kenya hatukuhitaji kwenda Brazil kuwaona watu wa aina hiyo. Mwezi Januari 2004 Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Kitale. Serikali ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka mmoja nyuma, naye hakuona mahali palipoandikwa kwamba wazee hawamo. Alitaka kujisomea Biblia, ajue kama wahubiri wanasema kilichoandikwa. Hilo nalo ni pengo, tena la mtu aliyesikia maneno miaka yote bila njia ya kuyahakiki. Mwaka wa 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa kuhusu elimu bila malipo. Alifariki mwaka wa 2009. Baada yake, kule Ndalat katika Kaunti ya Nandi, Priscilla Sitienei, mkunga wa miaka mingi, aliketi darasani akiwa ameshapita miaka 90, pamoja na watoto ambao baadhi yao aliwazalisha mwenyewe.

Watu hupenda kuwasimulia wazee hawa kama vioja. Mimi naona ni ushahidi mzuri kuliko picha za ubongo, kwa sababu wao walichagua. Mashine inaweza kuonyesha kwamba eneo fulani limewaka. Haisemi kwa nini mtu wa miaka 84 avumilie kuchekwa ili aliwashe.

Mwanasaikolojia mmoja alikaribia kusema ni kwa nini. Charles Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas aliyatazama matumaini kama kitu kinachoweza kupimwa, na mwaka wa 1991 alitoa kipimo chenye sentensi 12. Nne zinapima msukumo wa mtu kuelekea lengo lake, nne zinapima uwezo wake wa kuona namna za kulifikia, na nne zilizobaki ni za kumpoteza maboya anayejibu. Alisema matumaini hukamilika vyote viwili vikiwapo. Msomaji wa Kiswahili ataona kwamba Kansas walifika kwa takwimu mahali ambapo bibi zetu walishafika kwa methali ya nia na njia. Lakini Snyder aliongeza kitu ambacho methali haisemi waziwazi: nia peke yake inaweza kuwapo tele na njia isionekane, na mtu akakata tamaa akiwa na nia yake mkononi. Hapo ndipo kusoma kunaponifaa mimi. Kuna maandishi yanayoamsha nia tu, na tunayajua, yamejaa kwenye simu zetu, yana picha za jua likichomoza. Mengine huonyesha njia, na mara nyingi yameandikwa kikavu.

Tuchukue viwavi vamizi, kwa sababu Trans Nzoia haiwezi kuzungumza juu ya matumaini bila kuzungumza juu ya mahindi. Hii ndiyo kaunti ambamo kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa H611 mwaka wa 1964, mbegu chotara iliyozaliwa kwa kupandisha mahindi ya Kitale na mengine kutoka Ecuador. Mwaka wa 2017 kiwavi kutoka bara la Amerika, aliyekuwa ameingia Afrika Magharibi mwaka uliotangulia, aligunduliwa katika mashamba ya magharibi mwa Kenya, Trans Nzoia ikiwamo. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 usiku mmoja. Wakulima waliamka wakakuta mioyo ya mahindi imeliwa. Wakatia majivu, wakatia mchanga, wakatia sabuni ya unga, na dawa ya dukani pale pesa zilipopatikana.

Njia moja ilikuwa imeshaandikwa, tena kwa sehemu ilikuwa imeandikwa hapahapa. Tangu miaka ya 1990, Zeyaur Khan na wenzake wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, wakiwa kituo cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, walikuwa wakijenga mbinu ya vuta-sukuma dhidi ya viwavi wanaotoboa mabua, na Trans Nzoia ilikuwa kati ya sehemu za kwanza ilikojaribiwa mashambani. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ambao harufu yake ilielezwa kuwa huwakera nondo. Kuzunguka shamba hupandwa nepia au nyasi nyingine inayowavuta wakatage huko, na viwavi wengi wanaoanguliwa juu yake hawafiki ukubwani. Kisha Mbita wakakuta kitu ambacho hawakukitafuta: penye desmodiamu, striga, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na linalowatesa wakulima wa Bungoma na Busia, lilipungua sana. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazolihadaa gugu lichipuke kisha kulizuia lisishike mzizi wa mhindi.

Kiwavi mgeni alipoingia, watafiti waliwatembelea wakulima 250 wa maeneo makavu ya Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa wakitumia mbinu hii. Katika mashamba yao viwavi kwa kila mmea walipungua kwa asilimia 82.7, na uharibifu kwa asilimia 86.7, ukilinganisha na mahindi matupu. Kachibora si eneo kavu, kwa hiyo takwimu hizo hazihamishwi kama zilivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018, mwaka uleule shirika la FAO lilipotoa Nuru, programu iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State. Unaielekezea simu jani lililoliwa, inakuambia kama ni kiwavi vamizi, tena inajua Kiswahili na haihitaji intaneti wakati wa kazi.

Ninapenda habari hii kwa sababu haijaisha. Kwa miaka tuliambiwa harufu ya desmodiamu ndiyo inayosukuma. Mwaka wa 2024 watafiti wengine walidai kwamba nondo hawakimbizwi hata kidogo: jani la desmodiamu limejaa nywele zenye ndoano, na viwavi wachanga wakitambaa juu yake hunaswa na kuchomwa wakafa. Wengine wakaenda kupima hewa katika mashamba ya wakulima wa magharibi mwa Kenya, wakapata kwamba harufu zinazotajwa zipo kweli. Inawezekana yote mawili yanafanya kazi. Ugomvi unaendelea majaridani, na sehemu kubwa yake inasomwa bure mtandaoni na yeyote mwenye subira ya Kiingereza cha wanasayansi.

Sehemu moja ya ugomvi huo haihitaji bando wala maabara. Aliyepanda aina ya desmodiamu yenye majani ya kijani anajua kwamba ukipita katikati yake inang'ang'ania suruali. Chuma jani, lisogeze mbele ya kamera ya simu mchana wenye jua, ukuze picha. Zile nywele zinazobishaniwa ziko hapo.