Kabla ya kadi kulikuwa na ngoma

Mwaka 1955 John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Hawakuwa na wa kumwonyesha. Ndipo akatafutwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Bibi Titi Mohamed.

Hayo wengi tunayajua. Kilichonikaa kichwani ni njia aliyoishika kuwaleta wanawake chamani, kama alivyomsimulia mwanahistoria Susan Geiger. Aliwaendea kwanza viongozi wa lelemama na ngoma nyingine, vikundi vyenye majina kama Good Luck, Submarine na, usicheke, British Empire. Akikubali mama kiongozi, na wenzake wanakuja. Waliokwishazoea kushona sare, kuchangiana na kujua nani kafiwa, nani kajifungua, hawakuhitaji kufundishwa umoja. Na wengi walijitafutia wenyewe: vitumbua, pombe, vyumba vya kupangisha. Bibi Titi alieleza kwamba wanaume walioajiriwa serikalini walihofia vibarua vyao. Muuza vitumbua angefukuzwa na nani? Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi za TANU.

Leo pita Mbagala au Tandale siku ya kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Mkeka, vitabu vya hisa, sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, faini ya aliyechelewa, na pembeni mfuko wa jamii. Mama wa kikoba anayemsindikiza jirani aliyepigwa hadi dawati la jinsia la polisi atasemwa mtaani: kavunja ndoa ya watu. Semina ya haki za wanawake humpa sheria ya kujibia. Wa kumwangalizia watoto na genge siku anaposhinda kituoni hutoka mkekani, na naona hilo ndilo linalomrudisha kituoni mara ya pili.

Lakini Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Akakuta marafiki wa siasa wamemkimbia. Wale 5,000 walikuwa wapi? Waliogopa, au nguvu ya vikundi ilishahamia kwenye jumuiya ya wanawake ya chama, wakabaki na sare tu?

Mfuko wa jamii wa kikoba hutoa pole ya msiba, ya ugonjwa, na pongezi ya uzazi. Mwanachama akikamatwa kwa kusema, je, hutoa nini?