Babu Aliyepanda Meli Mombasa Asirudi

Katika familia nyingi za Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi yupo babu mmoja asiye na kaburi. Hutajwa kwa maneno machache: aliingia Keya, yaani jeshi la Waingereza, akapelekwa ng'ambo, hakurudi. Wajukuu hulipokea jambo hilo kama walivyolikuta, wala hawaambiwi alikufa wapi, lini na kwa nini. Hata hivyo, kwa wengi waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia majibu hayo yapo yameandikwa, na kwa kundi moja kubwa inajulikana hata siku yenyewe. Ni mchana wa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944.

Kundi hilo ni la wapiga mizinga, Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa mwezi huo, karibu watu elfu moja wa kikosi hicho walipanda meli ya Khedive Ismail bandarini Mombasa kwenda Colombo, katika nchi iliyoitwa Ceylon na ambayo leo ni Sri Lanka. Wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wametangulia mwaka wa 1943, nao walikuwa wakijiandaa kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma.

Ili kumwelewa mtu aliyepanda meli ile, lazima kurudi nyuma kidogo, kijijini. Inakadiriwa kwamba Kenya ilitoa askari wapatao 98,000 katika vita vile, Tanganyika 87,000 na Uganda 77,000. Wapo waliojitolea kwa sababu ya mshahara, maana kodi ilikuwa haina huruma na kazi za mashambani kwa walowezi zililipa kidogo. Wapo waliovutwa na sare na hamu ya kuona dunia. Wapo pia waliochaguliwa na chifu tu, wakaambiwa wende. Kambini walikutana Mkamba na Mluo, Myao na Mganda, Mnyamwezi na Mchewa, wakaunganishwa na Kiswahili cha jeshi. Asiyejua kuandika aliandikiwa barua na mwenzake, na sehemu ya mshahara iliweza kupelekwa nyumbani kwa mke au mzazi. Kwa hiyo kijijini walijua kwamba mtu wao yu hai kwa sababu fedha zilikuwa zinafika.

Khedive Ismail haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa meli ya abiria, iliyojengwa Scotland mwaka wa 1922 kwa kampuni ya Chile kwa jina la Aconcagua, kisha ikauzwa Misri na kupewa jina jipya. Vita vilipopamba moto ikageuzwa kuwa ya kubeba askari. Siku ile ilikuwa na watu 1,511. Pamoja na wapiga mizinga, walikuwamo mabaharia wa jeshi la Uingereza, wafanyakazi wa meli, na makumi ya wanawake, wengi wao wauguzi. Ilikwenda katika msafara wa meli tano za askari, zikisindikizwa na manowari Hawkins, Petard na Paladin.

Karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 ikarusha topido. Mbili zikaipata Khedive Ismail. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili au tatu hivi. Muda huo hautoshi kushusha hata mashua moja, sembuse kuwapandisha juu mamia ya watu waliokuwa sitaha za chini.

Kilichofuata ni kigumu kukisimulia, lakini jamaa za marehemu wana haki ya kukijua. Nyambizi ilijificha chini ya maji pale pale palipokuwa na watu waliookoka, wakielea na kung'ang'ania mbao. Manowari zilikuwa na meli nyingine nne za kulinda, zote zimejaa askari. Zikaangusha mabomu ya kulipuka chini ya maji ili kuitoa nyambizi, na baadhi ya waliokuwa wakielea wakafa kwa mabomu hayo. Mwishowe I-27 iliibuka na Petard ikaizamisha. Walipohesabiwa, waliookoka walikuwa 214 tu. Watu 1,297 walikuwa wamekufa. Ni mojawapo ya maafa makubwa kabisa ya majini kwa upande wa Waingereza na washirika wao katika vita vile, na ni ajabu kwamba katika nchi walizotoka wapiga mizinga hao mtoto wa shule anaweza kumaliza masomo yake bila kulisikia jina la meli hiyo.

Nyumbani habari ilikuja kupitia kwa mkuu wa wilaya na chifu, ikiwa kavu: amekufa vitani. Mwili haukuwapo. Kila jamii ikatafuta njia yake ya kumaliza msiba usio na maiti. Waluo, kwa mfano, wana desturi ya kuzika tunda la mwegea, wanaloliita yago, badala ya mwili wa mtu aliyepotea. Waislamu wengi humsalia marehemu wa mbali sala ya ghaibu na kumsomea khitma. Miongoni mwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, hivyo jina la aliyezama linaweza kuwa linaitwa hadi leo, na anayeitwa hajui limetoka wapi.

Waliorudi waliweza kujisemea. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alipigana Burma na baadaye akaandika kitabu kuhusu maisha yake. Waliozama hawakupata nafasi hiyo. Habari zao zimebaki kwa jamaa zao, na kwenye orodha za waliokufa vitani.

Orodha hizo zina thamani kuliko wengi wanavyodhani, hasa ukikumbuka yaliyowapata waliotangulia. Katika Vita vya Kwanza wachukuzi wa Kiafrika wasiopungua 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa njaa, kuhara damu na malaria, na walio wengi hawakuandikwa majina popote. Sanamu la Askari la Dar es Salaam, lililosimamishwa mwaka wa 1927, na lile la Nairobi yanawaenzi wote kwa ujumla bila kumtaja hata mmoja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika hawakupewa heshima sawa na wenzao Wazungu, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Kwa wajukuu wa wachukuzi hao radhi hiyo imechelewa mno, kwa sababu jina ambalo halikuandikwa haliwezi kuchimbuliwa.

Mjukuu wa mpiga mizinga ana bahati iliyo afadhali. Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki umo katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, na una majina ya waliokufa bila kaburi, wakiwamo wa Khedive Ismail. Waliokufa Burma pasipo kaburi wamo katika mnara wa Taukkyan, karibu na Yangon, wenye majina karibu 27,000. Orodha ya Tume hutafutwa bure kwenye intaneti.

Anayetaka kuanza kutafuta na aanze kwa wazee, leo, wangali hai. Waulizwe jina la utotoni la marehemu, jina la baba yake na la kijiji. Makarani waliandika kwa kusikia tu, kwa hiyo jaribu r mahali pa l, na Musa mahali pa Moses. Kama kuna barua ya zamani sandukuni, tafuta humo namba ya jeshi ya marehemu. Ukilipata jina, nenda Barabara ya Ngong pamoja na watoto, uwaonyeshe lilipochongwa.