Safari ya Pili kutoka Karungu

Omena haimngoji mtu. Mashua za hawa dagaa wa Ziwa Victoria hurudi Sori, ufuoni Karungu, alfajiri, baada ya usiku mzima wa kuvua kwa taa, na wanawake wanaonunua samaki hao huwa wamekwisha kufika na beseni zao. Kutoka hapo ni kuosha, kuanika kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, kugeuza, kufukuza ndege, na kuyatupia jicho mawingu ya upande wa ziwa, maana mvua ya nusu saa yatosha kuozesha mzigo ulionunuliwa kwa mkopo wa chama. Mwanamke wa kazi hii akiambiwa afike kituo cha afya saa tatu asubuhi apimwe saratani ya mlango wa kizazi, ilhali haumwi popote, atapiga hesabu yake. Na kwa siku hiyo moja, hesabu yake ni sahihi: akienda, atapoteza samaki, asipoenda, hakuna kitakachomtokea.

Shida ni kwamba ugonjwa huu hauhesabu kwa siku. Unahesabu kwa miaka.

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale unapokutana na uke. Upande wa ndani umefunikwa na safu moja ya seli laini. Upande wa nje una seli bapa zilizopangana tabaka juu ya tabaka, kama ngozi ya ndani ya shavu. Mpaka kati ya aina hizi mbili hautulii. Msichana anapobalehe, seli laini za ndani husogea nje kidogo, hukutana na uchachu wa uke, na polepole hugeuka kuwa bapa. Katika ukanda huu mwembamba wa mageuzi ndimo karibu kila saratani ya mlango wa kizazi huanzia, kwa sababu hapo kirusi cha papiloma, kinachojulikana kwa herufi HPV, hupata njia rahisi ya kuzifikia seli changa za chini kabisa.

HPV ina aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa, na baadhi huleta chunjua za kawaida tu za mikononi. Kumi na kadhaa ndizo za hatari, na mbili kati yake, aina ya 16 na ya 18, husababisha takriban 70% ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walizitenga aina hizo mbili mwaka 1983 na 1984, wakati ambapo wanasayansi wengi walikuwa wakiamini chanzo ni kirusi kingine kabisa. Mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Leo tunajua hata namna kirusi kinavyofanya kazi. Hutengeneza protini mbili, E6 na E7. Ya kwanza huiangamiza p53, protini ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika isigawanyike. Ya pili huilegeza breki nyingine iitwayo pRb. Seli iliyonyang'anywa breki zote mbili huendelea kuzaana huku ikikusanya makosa.

Hata hivyo, watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata kirusi hiki wakati fulani maishani, na katika visa tisa kati ya kumi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili hivi, bila mtu kujua kwamba kilikuwapo. Kinachoogopwa ni kile kinachokaa. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU) bila matibabu, safari hiyo yaweza kufupika ikawa miaka 5 hadi 10, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake wanaoishi na VVU wana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii.

Hapo ndipo jina la Karungu linapoingia kwa uzito wake. Tarafa hii ya Nyatike, Kaunti ya Migori, inapakana na Gwassi iliyo Kaunti ya Homa Bay, na ukanda huu wote wa ziwa umebeba VVU zaidi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya 13.0% kwa watu wazima wa Migori na 19.6% kwa wa Homa Bay, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9%. Dawa za kupunguza makali zimewarudishia maelfu ya wanawake wa huku uhai. Wamelea watoto, sasa wanalea wajukuu. Na kwa kuwa wameishi, wamefikia umri ambao saratani hii hujitokeza. Inaniuma kufikiri kwamba mtu aliyenusurika miaka ile mibaya, aliyemeza dawa kila siku bila kukosa, aje kuondolewa na ugonjwa ambao ungeweza kuzuiwa kwa dakika chache za matibabu.

Na unazuilika kweli. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya 5,236 nchini Kenya na vifo 3,211. Vingi vya vifo hivyo ni vya watu waliofika hospitalini wakiwa tayari wanatokwa damu isiyo ya hedhi, wana maumivu ya kiuno, au wana uchafu wenye harufu. Dalili hizo zinapoonekana, mara nyingi saratani imekwisha kuota mizizi. Kwa miaka mingi matibabu ya mionzi katika hospitali za umma yalipatikana Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, peke yake. Kutoka Sori hadi Nairobi ni safari ya kuvuka karibu nusu ya nchi, na mionzi hutolewa kwa wiki kadhaa mfululizo.

Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya dalili, kwenye miaka ile 15 ya kimya. Njia iliyotumika zaidi vijijini ni ya siki. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na seli zilizoanza kubadilika huonekana nyeupe. Ni rahisi, na si jambo la kudharauliwa: utafiti mkubwa wa Mumbai, India, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wahudumu waliofunzwa kwa wiki chache tu waliweza kwa njia hii kupunguza vifo kwa 31%. Lakini inategemea jicho la mtazamaji, na inamtaka mwanamke alale kitandani, apanue miguu, aingizwe chuma. Kipimo cha HPV hakitafuti doa. Kinatafuta kirusi chenyewe. Wilayani Osmanabad, pia India, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kipimo kimoja tu cha HPV maishani kilipunguza vifo kwa karibu nusu, wakati siki na kipimo cha seli cha Papanicolaou havikuleta upungufu wa kuaminika katika utafiti huo huo.

Wavuvi watanielewa nikisema hivi: siki ni wavu wa mbuta, samaki mkubwa; kipimo cha HPV ni wavu wa omena. Macho yake madogo hayaachi kitu kipite. Lakini wavu wa omena hunasa pia vile ambavyo hukuvikusudia, na wengi wanaokutwa na kirusi hawatapata saratani kamwe. Jambo hili lazima mwanamke aelezwe kabla hajapewa majibu, kwa lugha anayoielewa. Asipoelezwa, atarudi nyumbani akidhani amehukumiwa kifo.

Uzuri mkubwa wa kipimo cha HPV ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Anapewa brashi ndogo, anaingia faraghani, anaiingiza ukeni, anaizungusha, anaitia kwenye kichupa. Hakuna chuma, hakuna kuvuliwa nguo mbele ya mtu ambaye kesho mtakutana naye sokoni. Mwaka 2016, watafiti wakiongozwa na Megan Huchko, wakishirikiana na Elizabeth Bukusi wa taasisi ya KEMRI, walitumia brashi hii katika jamii 12 za Kaunti ya Migori. Nusu ya jamii zilipimwa kwenye vituo vya afya kama kawaida. Nusu nyingine zilipelekewa kambi za afya karibu na makazi, na wahudumu wa jamii, wale ambao huku wengi huwaita nyamrerwa, wakazunguka kuwaita wanawake. Vituo viliwafikia 37% ya wanawake waliolengwa. Kambi ziliwafikia 60%.

Tukumbuke kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, uchunguzi wa kitaifa ulikuta kwamba ni 16% tu ya Wakenya wa kike wenye umri wa miaka 30 hadi 49 waliowahi kupimwa saratani hii maishani mwao. Kule Migori, watu walewale ambao mikutano mingi huwaita wagumu wa kuelimika walijitokeza kwa wingi mara tu kipimo kilipowakaribia.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo, kwenye 60%. Mimi nadhani sehemu muhimu zaidi ndiyo inayofuata. Sampuli zilipelekwa maabara, majibu yakarudi kwa ujumbe wa simu, kwa kupigiwa, au kwa kutembelewa nyumbani, na waliokutwa na kirusi wakaelekezwa hospitali yenye vifaa vya kutibu. Wengi wao hawakufika. Katika vituo na katika kambi vilevile, waliopata matibabu walikuwa chini ya nusu ya waliohitaji.

Safari ya kwanza, ya kwenda kupimwa, ilifutwa. Ya pili, ya kwenda kutibiwa, ikabaki. Na hiyo ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Ina nauli ya bodaboda, kisha ya matatu, kwenda na kurudi. Ina siku nzima ya kazi iliyopotea. Ina mume anayetaka kujua unakwenda kutibiwa nini, na ugonjwa wenyewe unaambukizwa kwa kujamiiana. Simu iliyopokea ujumbe pengine si ya mwanamke. Ni ya mume, au ya mwana. Na kuna herufi zenyewe: HPV, na HIV, yaani VVU. Zikitamkwa haraka, au zikisomwa na mtu ambaye maishani mwake ameona tu zile za pili, zinafanana mno. Mahali ambapo ayaki, yaani UKIMWI kwa Kijaluo, ilizika kizazi kizima na kuwaachia manyanyaso waliobaki, mwanamke akinong'onezwa kwamba "amepatikana na kirusi" anaweza kukiacha kijiji kizima kikidhani ni kile cha UKIMWI. Ningeliomba kila mhudumu anayetoa majibu aanze kwa kusema waziwazi kwamba hivi ni virusi viwili tofauti, ndipo aendelee.

Kwa hiyo swali la Karungu kwangu ni la matibabu yanayosafiri. Hapa sayansi imesogea. Zamani kidogo tiba ya mabadiliko ya awali ilikuwa ya kugandisha kwa baridi kali, na ilihitaji mtungi mzito wa gesi ambao ukiisha lazima uende kujazwa mjini. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza pia tiba ya joto: kifaa kinachoshikwa kwa mkono, baadhi vikitumia betri, ambacho ncha yake hupata moto wa takriban nyuzi 100 na kuunguza seli zilizobadilika kwa muda usiozidi dakika moja hivi kila kinapogusishwa. Sehemu hiyo haina hisia kali ya maumivu, na mwanamke huondoka kwa miguu yake. Wenye vidonda vikubwa au vinavyoshukiwa kuwa saratani bado watahitaji kupelekwa mbele, lakini hao ni wachache. Na mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi nchini zilipewa kwa ajili ya kifua kikuu, inaweza kusoma HPV kwa muda wa saa moja hivi. Ukiviweka viwili hivi pamoja kambini, mwanamke anaweza kuja asubuhi, kujipima, kungoja, na kutibiwa kabla jua halijatua.

Kwa mabinti mambo yana nafuu. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya HPV mwezi Oktoba 2019, na utafiti wa KEN SHE, ambao Kisumu ilikuwa moja ya vituo vyake, ulionyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja tu ilizuia maambukizi ya aina ya 16 na 18 kwa 97.5% katika miezi 18 ya kwanza. Lakini chanjo haimsaidii mama aliyekwisha kuambukizwa. Yeye ni wa brashi na wa kifaa cha joto, na kwa aliye na VVU Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kupimwa akiwa na miaka 25, arudie kila miaka 3 hadi 5. Kwa wengine, kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10.

Anayepanga kambi Karungu atafanya vyema akiiacha kalenda ya ofisi na kuutazama mwezi. Usiku wa mbalamwezi taa haziwavuti omena sana, mashua nyingi hupumzika, na asubuhi zake wanawake wana nafasi. Kanuni za uvuvi pia huufunga msimu wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Miezi hiyo muda ni mwingi ufuoni, ila mfuko ni mtupu, na hata nauli ya kufika Hospitali ya Misheni ya St. Camillus iliyo papo hapo Karungu huwa ya kufikiriwa. Basi kifaa cha joto kipakiwe kwenye pikipiki, kiende Sori.